Huduma ya Kanisa ya Kuwatangaza Watakatifu: Inapima Nini, na Inapima Vizuri Kiasi Gani?

Kanisa Katoliki lina huduma moja ambayo waamini wengi huiona siku ya kilele chake tu, pale picha kubwa inapoonekana mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro na umati ukaimba kwa shangwe. Ni huduma ya kulipokea jina la marehemu kutoka kwa watu waliomfahamu, kuyachambua maisha yake kwa miaka mingi, na hatimaye kutamka mbele ya ulimwengu kwamba mtu huyu yuko mbinguni, kwamba mfano wake unafaa kufuatwa, na kwamba ni halali kumwomba atuombee. Kazi hiyo iko mikononi mwa maaskofu wa majimbo pamoja na Dikasteri ya Kuwatangaza Watakatifu mjini Vatikano, ofisi ambayo mizizi yake inafika mwaka 1588, Papa Sisto wa Tano alipounda idara ya kushughulikia ibada na kesi za watakatifu. Nimeifuatilia huduma hii kwa upendo na kwa muda mrefu, nikisoma sheria zake na maamuzi yake, na ninaitathmini hapa kama mtu anayeitegemea, kwa sababu muumini anayepiga magoti kuomba msaada wa mtakatifu anategemea kwamba waliomchunguza walifanya kazi yao kwa haki. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kipimo chenyewe ni bora sana, tena ni bora kuliko namna kinavyowafikia watu wanaokihitaji.

Watu wengi wakiulizwa ni nini humfanya mtu astahili kutangazwa mtakatifu hujibu haraka: miujiza. Jibu hilo limeanzia mwisho wa safari. Katika njia ya kawaida, kabla muujiza haujajadiliwa rasmi, Kanisa huuliza kama mtu huyu aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa. Fadhila zinazopimwa ni zilezile ambazo kila mtoto wa katekisimu amekaririshwa: imani, matumaini na mapendo, ambazo ni fadhila za Kimungu, kisha busara, haki, nguvu na kiasi, pamoja na zile zinazoambatana nazo kama unyenyekevu, utii na usafi wa moyo. Hakuna fadhila ya siri iliyohifadhiwa kwa ajili ya watu wachache. Kinachotafutwa ni kina na udumifu, na hapo ndipo ulipo ugumu wote.

Aliyelifafanua jambo hili kwa undani kuliko wote ni Prospero Lambertini, ambaye kwa miaka mingi alishika wadhifa wa mtetezi wa imani, yaani ofisa wa kuibua hoja za kupinga kesi, yule ambaye watu walimwita wakili wa Shetani, na ambaye baadaye alikuja kuwa Papa Benedikto wa Kumi na Nne. Katika kitabu chake kikubwa kilichotoka kati ya mwaka 1734 na 1738, alieleza kwamba fadhila inafikia ushujaa pale mtu anapoitenda kwa wepesi, bila kusitasita na kwa furaha, kupita kiwango cha kawaida cha Wakristo wema, akimlenga Mungu na akijikana mwenyewe. Mimi neno la furaha ndilo linalonigusa kuliko mengine. Lina maana kwamba mtu anayetoa sadaka huku akinung'unika moyoni, anayesamehe huku akihesabu deni, au anayefunga huku akiwadharau wasiofunga, hata kama matendo yake ni makubwa, bado hajafika. Wachunguzi wanaposoma barua za marehemu na kuwasikiliza waliokaa naye nyumba moja, huuliza pia jinsi alivyofanya aliyoyafanya, jinsi alivyopokea lawama, jinsi alivyowatendea watu wasioweza kumlipa chochote, na jinsi alivyougua. Sijui kipimo kingine cha maisha ya binadamu kinachozama kiasi hicho katika mambo madogo ya kila siku.

Mfano ulio wazi kabisa ni Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu. Aliingia monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux akiwa na umri wa miaka 15, akafariki dunia tarehe 30 Septemba 1897 akiwa na miaka 24. Hakuanzisha shirika, hakuhubiri katika miji, hakusafiri kwenda nchi za misioni ingawa mwaka 1927 alitangazwa msimamizi wa misioni. Mambo aliyofanya yalionekana madogo: kumvumilia mtawa mwenzake aliyemchosha, kuukubali ugonjwa wa kifua kikuu bila kuacha kutabasamu, kusali katika giza la imani lililomfunika miezi ya mwisho. Papa Pio wa Kumi na Moja alimtangaza mtakatifu tarehe 17 Mei 1925, na mwaka 1997 akapewa heshima ya Mwalimu wa Kanisa. Kama huduma hii ingekuwa inapima umaarufu na mafanikio, jina lake lisingevuka ukuta wa monasteri.

Giza hilo la imani linafungua jambo ambalo wasomaji wengi hulikosea. Barua za Mtakatifu Tereza wa Calcutta zilipochapishwa mwaka 2007, miaka minne baada ya kutangazwa mwenyeheri, ngazi inayotangulia ile ya mtakatifu, watu kadhaa walishtuka kuona kwamba kwa miaka mingi hakuhisi uwepo wa Mungu moyoni mwake, wakadhani Kanisa limekosea au limeficha. Lakini barua hizo zilikuwa zimekusanywa na kusomwa ndani ya mchakato wenyewe. Wachunguzi waliziona na kuzipokea kama ushahidi wa imani yenye nguvu zaidi, kwa kuwa mtu anayesali, anayetii na anayewahudumia wanaokufa mitaani bila kupata tone la faraja ya ndani anaonyesha imani ambayo haijaegemea hisia. Hapa naipongeza huduma hii bila masharti. Ingekuwa rahisi kutaka watakatifu wenye mioyo iliyojaa utamu muda wote, na mchakato umekataa urahisi huo.

Vilevile haudai mtu awe alizaliwa mwema. Mtakatifu Agostino alizaa mtoto nje ya ndoa na kukawia kubatizwa hadi utu uzima. Matt Talbot, kibarua wa Dublin aliyefariki mwaka 1925, alikuwa mlevi tangu utotoni hadi alipokaribia miaka 30, kisha akaishi miaka zaidi ya 40 bila kugusa pombe, akisali, akifunga na kuwasaidia maskini wenzake kwa mshahara mdogo. Mwaka 1975 Kanisa lilitambua fadhila zake za kishujaa. Swali ni mtu alikuwa nani baada ya kugeuka, na kama alidumu. Wala kudumu si kukosa kila kasoro ya tabia: Mtakatifu Yeronimo alikuwa na ulimi mkali, na hakuna anayelificha hilo.

Ipo njia ya pili, ambayo ni ya zamani kuliko zote: kifodini, yaani kuuawa kwa ajili ya imani. Kwa shahidi hakuna anayedai ithibitishwe miaka mingi ya fadhila za kishujaa, kwa kuwa kifo kilichopokelewa kwa hiari kwa ajili ya Kristo kinabeba ushahidi wote. Kizito, mdogo kuliko wote kati ya Mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda, alibatizwa na Karoli Lwanga siku chache tu kabla ya kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, naye alitangazwa mtakatifu pamoja na wenzake tarehe 18 Oktoba 1964 na Papa Paulo wa Sita. Kinachotafutwa katika kesi ya namna hii ni mambo mawili yanayokutana: muuaji awe ameongozwa na chuki dhidi ya imani, na anayeuawa awe amekubali kifo akiwa mwaminifu kwa imani hiyo, bila kukitafuta kwa ukaidi.

Sharti la chuki dhidi ya imani limezaa mijadala mizito, na namna lilivyofafanuliwa katika miaka ya karibuni ni mojawapo ya mambo yanayonipa matumaini makubwa juu ya huduma hii. Askofu Mkuu Óscar Romero alipigwa risasi akiadhimisha Misa mjini San Salvador tarehe 24 Machi 1980, katika nchi ambayo watesi wake walikuwa Wakatoliki waliobatizwa. Je, Mkatoliki anaweza kumuua askofu wake kwa chuki dhidi ya imani? Kesi ilikwama kwa miaka mingi juu ya swali hilo, na wapo waliosema aliuawa kwa sababu za siasa tu. Hatimaye ilikubalika kwamba anayeua kwa sababu anachukia haki ambayo Injili inaidai, amechukia imani yenyewe hata kama ana cheti cha ubatizo, na Romero akatangazwa mwenyeheri mwaka 2015 na mtakatifu tarehe 14 Oktoba 2018.

Mstari huohuo wa fikra ulimfikia Floribert Bwana Chui, kijana mlei wa Goma nchini Kongo, aliyefanya kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazovuka mpaka. Alikataa rushwa ili asiruhusu chakula kilichoharibika kuingia sokoni, akatekwa na kuuawa Julai 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Alitangazwa mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025, akihesabiwa shahidi aliyeuawa kwa chuki dhidi ya imani. Naomba msomaji aupime uzito wa uamuzi huo. Hakuna aliyemwambia Floribert amkane Kristo kwa maneno. Aliambiwa aweke saini, apokee fedha, anyamaze. Dhamiri yake ilijua kwamba maskini wangekula sumu, na dhamiri hiyo ilikuwa imelelewa na imani. Kanisa lilipokubali kwamba kukataa saini kunaweza kuwa ungamo la imani, liliwafungulia njia mamilioni ya wafanyakazi wa ofisi, maghala na mipaka ambao hawakuwahi kujiona ndani ya habari za mashahidi.

Njia ya tatu ilianzishwa rasmi na Papa Fransisko tarehe 11 Julai 2017, nayo ni sadaka ya maisha: mtu ambaye kwa upendo, kwa hiari, anajitoa katika hali itakayomletea kifo cha hakika na cha karibu, hata kama hakuna mtesi anayechukia imani. Masharti yake yameandikwa kwa uangalifu. Lazima pawe na uhusiano kati ya kujitoa huko na kifo cha mapema, lazima mtu huyo awe aliishi fadhila za Kikristo walau kwa kiwango cha kawaida kabla ya hapo na hadi mwisho, na muujiza unahitajika kabla ya kutangazwa mwenyeheri. Njia hii ilihitajika siku nyingi. Maximilian Kolbe alijitolea kufa kwa njaa huko Auschwitz badala ya mfungwa mwenzake aliyekuwa na mke na watoto, akafariki dunia tarehe 14 Agosti 1941. Papa Paulo wa Sita alimtangaza mwenyeheri mwaka 1971 kama muungama imani, yaani aliyeishuhudia imani kwa maisha yake bila kuhesabiwa shahidi, ilhali Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu mwaka 1982 kama shahidi. Mashaka hayo kuhusu jina la kumpa yalionyesha kwamba upendo wa namna ile haukuwa na mlango wake. Sasa unao, na nadhani wauguzi, madaktari na mapadre waliokaa na wagonjwa wakati wa milipuko ya maradhi, wakijua hatari waliyoikabili, watakuwa miongoni mwa watakaoupitia.

Sasa niseme juu ya utendaji wenyewe, kwa kuwa kipimo kizuri kinaweza kuharibiwa na mikono mizembe. Kwa kawaida kesi hufunguliwa baada ya miaka mitano tangu kifo, katika jimbo ambamo mtu alifariki, ili jazba ya mazishi ipoe na ionekane kama sifa ya utakatifu inadumu. Sifa hiyo lazima iwe imechipuka yenyewe kati ya watu, pasipo kupandwa na matangazo ya kundi fulani. Askofu hushauriana na maaskofu wenzake, huuliza Roma kama kuna kizuizi, huteua wanateolojia wa kuyasoma maandiko yaliyochapishwa ya marehemu na wanahistoria wa kukusanya yale yasiyochapishwa, kisha mahakama ya jimbo huwasikiliza mashahidi mmoja mmoja kwa kiapo. Maelekezo yaliyotolewa mwaka 2007 yanataka waitwe pia mashahidi wanaopinga. Kama miaka 30 imepita tangu kifo, askofu lazima ajiridhishe kwamba waombaji hawakuchelewesha kwa hila, kwa mfano wakisubiri wapinzani wafe. Yote hayo hufungwa kwa lakiri na kupelekwa Roma, ambako huandikwa ripoti ndefu inayosomwa na wanateolojia washauri, kisha makardinali na maaskofu, na mwisho Papa peke yake ndiye anayeamua.

Utaratibu huu ulitengenezwa upya na Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 25 Januari 1983, akahamisha uzito kutoka mabishano ya kimahakama kwenda uchunguzi wa kihistoria. Mtetezi wa imani hakuondolewa, kama wengi wanavyosimulia. Bado yupo na huongoza kikao cha wanateolojia, ila si tena yule mpinzani aliyejibizana na wakili wa kesi hatua kwa hatua. Kwa upande mmoja mageuzi yalikuwa mema, kwa sababu historia iliyoandikwa kwa uaminifu hufichua mengi kuliko hoja za mawakili. Kwa upande mwingine nahisi pengo. Mwaka 2005, Padre Léon Dehon, mwanzilishi wa Shirika la Mapadre wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, alikuwa amebakiza wiki chache atangazwe mwenyeheri, sherehe ikaahirishwa kwa sababu ya kifo cha Papa Yohane Paulo wa Pili, na maandishi yake dhidi ya Wayahudi yakazua mjadala uliomfanya Papa Benedikto wa Kumi na Sita kusimamisha kesi. Maandishi hayo hayakuwa yamefichwa kabatini. Mtu aliyepewa kazi moja tu ya kupinga, mwenye muda na mamlaka, angeyaweka mezani mapema zaidi. Haki kwa marehemu, na haki kwa watu waliojeruhiwa na maneno yake, inataka sauti ya namna hiyo irudishwe kwa nguvu.

Idara ninayoiamini kuliko zote, ajabu ni kwamba, ndiyo ile inayodhaniwa na wengi kuwa ya ushirikina: idara ya miujiza. Katika kesi ya uponyaji, jopo la madaktari wabobezi hukaa na rekodi za hospitali, picha za mionzi na majibu ya maabara, na kuulizwa swali la kitabibu pekee: je, uponyaji huu ulikuwa kamili, wa ghafla na wa kudumu, na je, sayansi ya leo inaweza kuueleza? Neno muujiza halitoki kinywani mwao. Kanuni zilizoidhinishwa mwaka 2016 zinadai walau kura tano kati ya saba, au nne kati ya sita, na zinakataza kesi moja kurudishwa zaidi ya mara tatu. Baada ya hapo ndipo wanateolojia wanapouliza kama kweli uponyaji ule uliombwa kwa maombezi ya mtu huyu. Miongoni mwa waliopita katika chujio hilo ni Carlo Acutis, aliyefariki dunia kwa saratani ya damu mwaka 2006 akiwa na miaka 15. Uponyaji wa mtoto mmoja wa Brazil aliyekuwa na kasoro ya kongosho, na wa mwanafunzi kutoka Costa Rica aliyeumia vibaya kichwani mjini Florence, ndio uliomfikisha kwenye tangazo la tarehe 7 Septemba 2025 lililofanywa na Papa Leo wa Kumi na Nne.

Lakini muujiza hauongezi kitu katika ustahili wa mtu. Ni muhuri unaogongwa juu ya uamuzi ambao wanadamu wameshaufikia kwa kuchunguza, namna ya kumwomba Mungu athibitishe kile walichokiona. Shahidi hahitaji muujiza ili atangazwe mwenyeheri, na kwa kawaida muujiza mmoja humtosha kila mwenyeheri kufika kwenye utakatifu. Mahubiri yanayomweleza mtakatifu kwa kuhesabu maajabu yake tu yanamnyima msikilizaji sehemu ambayo angeweza kuiiga.

Nikija kwenye muda na usawa, pongezi zangu zinapungua. Jeanne d'Arc alichomwa moto mwaka 1431 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1920. Yohane Paulo wa Pili alifariki dunia tarehe 2 Aprili 2005, akasamehewa ile miaka mitano ya kusubiri, na tarehe 27 Aprili 2014 alikuwa ameshatangazwa mtakatifu. Simkatalii utakatifu wake hata kidogo. Hata hivyo, ripoti ya Vatikano ya Novemba 2020 kuhusu aliyekuwa kardinali Theodore McCarrick ilipoeleza jinsi alivyopandishwa vyeo katika utawala wa Papa huyo, baadhi ya Wakatoliki waliuliza kama haraka ile ilikuwa ya busara. Kumtangaza mtu mtakatifu si kuidhinisha kila uamuzi wake wa kiutawala, na hilo ni kweli. Lakini kusubiri kungetoa nafasi ya kulieleza jambo hilo mapema, kabla waathirika wa unyanyasaji hawajaumizwa na mshangao. Miaka mitano ni michache. Ningependa isipunguzwe kwa mtu yeyote, hasa kwa walioshika madaraka makubwa, kwa sababu athari za uongozi huchukua muda mrefu kujitokeza.

Kutokuwepo kwa usawa kunanisikitisha zaidi kuliko mwendo. Kesi inahitaji mwendesha mchakato, wanahistoria, wafasiri, uchapaji wa ripoti na safari, na yote hayo yanahitaji fedha na taasisi inayodumu vizazi viwili au vitatu. Shirika la kitawa lina vyote hivyo. Mjane aliyelea watoto wa wengine na kufa maskini hana. Matokeo yake ni kwamba waanzilishi wa mashirika, maaskofu na watawa wamejaa katika orodha, ilhali wanandoa ni wachache mno. Louis na Zélie Martin, wazazi wa Tereza wa Lisieux, walipotangazwa pamoja tarehe 18 Oktoba 2015, walikuwa mume na mke wa kwanza kutangazwa watakatifu katika ibada moja. Familia ya Ulma ya kijiji cha Markowa nchini Poland, iliyouawa mwaka 1944 kwa kuwaficha Wayahudi, ilitangazwa yenye heri mwaka 2023: baba, mama na watoto wote saba, akiwemo yule ambaye mama yake alikuwa na mimba yake. Hatua hizo ni nzuri, tena za kutia moyo, lakini bado hazilingani na fundisho la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kwamba wabatizwa wote wameitwa kwenye utakatifu, kila mmoja katika hali yake.

Papa Fransisko aliliona tatizo la fedha, na mwaka 2016 akaidhinisha kanuni zinazodai hesabu za kila kesi zisimamiwe na kukaguliwa, pamoja na mfuko wa mshikamano kwa kesi zisizo na uwezo. Ni jambo la haki. Kasoro ni kwamba mfuko huo haujulikani na watu ambao ungewafaa, na hapo narudi kwenye malalamiko yangu ya msingi: huduma hii haijielezi vya kutosha kwa waamini wa kawaida. Ripoti za kesi huandikwa kwa lugha chache za Ulaya na kusomwa na wataalamu. Parokia hupata jina, tarehe ya kumbukumbu na sala fupi, huku ule utajiri wa ushuhuda, yaani jinsi mtu alivyosamehe, alivyoshindana na hasira yake, alivyolipa madeni, alivyokaa na mgonjwa usiku, ukibaki katika majalada. Muhtasari wa kurasa chache wa kila uamuzi wa fadhila za kishujaa, ukitafsiriwa katika lugha ambazo watu husali nazo, ungeyalea maisha ya waamini kuliko medali na picha.

Kwa kikundi cha waamini kinachofikiri kwamba kilimfahamu mtu anayestahili kuchunguzwa, ushauri wangu ni kukimbilia huduma hii mapema na kwa utulivu. Jambo la kwanza ni kujizuia: tangu maagizo ya Papa Urbano wa Nane ya mwaka 1634, ibada ya hadharani kwa mtu ambaye Kanisa halijamtangaza huwekea kesi kizuizi, hivyo picha yenye duara la nuru kichwani au kaburi lililogeuzwa altare vitaidhuru kesi badala ya kuisaidia. Sala ya binafsi ya kuomba msaada wake haina tatizo lolote. Jambo la pili ni kukusanya barua, shajara, daftari na hotuba bila kuchagua zile nzuri tu, kwa sababu karatasi iliyofichwa ikija kugunduliwa huvunja imani ya wachunguzi katika faili lote. Na la tatu, ambalo ndilo la haraka kuliko mengine, ni kuwaomba wazee waliomfahamu waandike au waandikiwe kile walichokiona wao wenyewe, wakitaja mahali na wakati, pamoja na udhaifu wake, kisha waweke saini mbele ya padre au mtu mwenye mamlaka ya kuthibitisha, ili kama watafariki kabla ya mahakama ya jimbo kufunguliwa, maneno yao yaweze kuwasilishwa humo pamoja na ya mashahidi walio hai.